Jeshi na kadi ya chama Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uchaguzi ukikaribia, maswali haya hunirudia: kwenye daladala, msibani, kwenye makundi ya simu. Mimi si mwanasheria wa jeshi. Nimekulia kwenye kota za jeshi, nikaja kulifuatilia jambo hili nilipokuwa mtu mzima, na majibu yaliyo hapa chini ndiyo ninayowapa wanaoniuliza. Kwingine nimetoa maoni yangu, na msomaji atapaona mwenyewe.

Mwanajeshi wa Tanzania anaruhusiwa kuwa na kadi ya chama cha siasa?

Haruhusiwi. Ibara ya 147(3) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano imepiga marufuku mwanajeshi yeyote kujiunga na chama chochote cha siasa. Kuruta aliyemaliza mafunzo jana na jenerali wa nyota nne wote wamo, na hakuna chama kilichosamehewa. Kadi ya CCM kwa mwanajeshi ni kosa lile lile la kadi ya Chadema au ya ACT-Wazalendo. Nalisema hili kwa sababu wapo watu wengi, hata wenye elimu zao, wanaoamini kwamba katazo ni la vyama vya upinzani tu na kwamba kadi ya chama tawala ni kama kitambulisho cha kazi.

Kama ni hivyo, mbona anapiga kura?

Ibara hiyo hiyo inayomkataza kadi ndiyo inayomhifadhia kura. Kura ni siri. Akishatumbukiza karatasi kwenye sanduku, hakuna kamanda anayejua alichagua nini, na hakuna chama kinachoweza kudai kwamba "jeshi liko nasi". Kadi haina siri hiyo. Ina namba na tawi, na tawi lina katibu anayejua nani kahudhuria kikao na nani kakwepa. Katiba haikumkataza askari kuwa na mapenzi na chama moyoni. Imemkataza kuwa mali ya chama.

Polisi, Magereza, JKT na mgambo nao je?

Watu wengi wakisikia "mwanajeshi" wanaiwaza JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, peke yake. Ibara ya 147(4) imelitafsiri neno hilo kwa upana zaidi: ni askari aliyeajiriwa, kwa masharti ya muda au ya kudumu, katika Jeshi la Ulinzi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo trafiki wa pale Ubungo na askari magereza wa Ukonga wamo kama alivyo komandoo.

Mgambo hakutajwa kwenye orodha hiyo, na vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (KMKM, JKU, Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo) vinaongozwa na sheria za Zanzibar. Hapo ndipo penye manung'uniko mengi kuliko kwingine kokote, na nitarudi huko.

Ni kweli jeshi letu lilizaliwa likiwa la chama?

Kweli kabisa. Vijana waliozaliwa baada ya 1992 wakiambiwa jambo hili hudhani ni porojo za wazee, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi jeshi la mkoloni. Kilichokuwa King's African Rifles kikabadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles, lakini maofisa wa juu waliendelea kuwa Waingereza, na mkuu wao alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa batalioni ya kwanza katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao. Walidai mambo mawili: mshahara upandishwe, na Waingereza waondoke nafasi zao zishikwe na Waafrika. Batalioni ya Tabora ikafuata. Mwalimu Nyerere alifichwa, na aliyetumwa kuzungumza na waasi ni Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi. Ndani ya siku chache moto ukaruka mipaka: Jinja kule Uganda tarehe 23, Lanet kule Kenya tarehe 24.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Nyerere mwenyewe, makomandoo wa Kiingereza waliokuwa kwenye meli ya HMS Centaur walitua Colito kwa helikopta, na uasi ukaisha. Kambi ile leo inaitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani la Zelewski mwaka 1891. Nadhani aliyelichagua jina hilo alitaka kufuta aibu ya nchi huru kumwita mkoloni wa jana aje aizime bunduki ya askari wake.

Hapo Nyerere alikuwa na njia mbili. Angeweza kujenga jeshi la kitaalamu lisilogusa siasa kabisa, kama Waingereza walivyodai wamefanya. Lakini hilo ndilo lililokuwa limemgeuka. Alichagua kinyume chake: kwamba askari asiyejua nchi inakwenda wapi ni mamluki mwenye bendera, basi na afundishwe siasa. Tanganyika Rifles ikavunjwa. Vijana wa TANU Youth League, umoja wa vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo kilichokuja kuzaa CCM, wakaitwa kujiandikisha. Wanajeshi wa Nigeria wakaja kushika zamu wakati jeshi jipya linaundwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ chini ya Mirisho Sarakikya. Mwaka huo huo askari wakaruhusiwa kuingia TANU. Yakaja matawi ya chama ndani ya kambi, wakaja makamisaa wa siasa, yaani maofisa wa kusimamia siasa ya chama kambini, na afisa wa jeshi akaweza kushika cheo cha chama bila mtu kushangaa. Hashim Mbita, mwanajeshi, aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa TANU kabla ya kwenda kuiongoza Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Jina lenyewe, Jeshi la Wananchi, lina historia hiyo ndani yake. Mwanzoni "wananchi" na "wana-TANU" lilikuwa karibu neno moja.

Je, kadi ya chama ilisaidia kuzuia mapinduzi?

Wapo wanaojibu ndiyo bila kusita, kwa hoja kwamba Tanzania haijawahi kupinduliwa wakati majirani wamepinduliwa mara kadhaa. Siwapuuzi. Amin alipompindua Obote kule Uganda tarehe 25 Januari 1971, TANU ilitoa Mwongozo wake mwezi uliofuata, na ulinzi wa umma, pamoja na mgambo, ukawa moja ya nguzo za siasa ya nchi. Kamisaa kambini alikuwa sikio la chama, na sikio likiwa karibu njama huwa ngumu kuiva.

Ila kadi peke yake haikutosha. Katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970 walishtakiwa wanasiasa wa TANU, akiwamo Bibi Titi Mohamed, pamoja na maofisa wa jeshi. Aliyetajwa kuwa kinara wao, akiwa uhamishoni, ni Oscar Kambona, yule yule aliyewatuliza waasi wa 1964. Mwaka 1983 wakakamatwa wengine, wanajeshi na raia, kwa njama ya kumpindua Nyerere. Wakati huo matawi ya CCM yalikuwa yamejaa makambini.

Kwa maoni yangu kilichosaidia zaidi ni mambo ambayo hayakuhitaji chama: kuandikisha vijana kutoka kila mkoa ili jeshi lisiwe la kabila moja, kuwapa askari makazi na matunzo, na Kiswahili kambini. Kule ambako jeshi lilijaa watu wa kanda moja ya nchi, hata siasa nzuri namna gani isingeokoa.

Mwaka 1992 kilibadilika nini hasa?

Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima, ikakuta asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee na asilimia 20 wanataka vyama vingi, na pamoja na hayo ikapendekeza vyama vingi. Katiba ikabadilishwa, na chama kimoja kikafika mwisho Julai 1992. Jeshi lenye matawi ya CCM lisingeweza kuendelea hivyo, maana lingekuwa jeshi la mshindani mmojawapo. Matawi yakafungwa, ukamisaa ukaondoka, na kila afisa aliyekuwa na mguu mmoja kambini na mwingine kwenye chama akaambiwa achague.

Aliyechagua siasa na akafika mbali kuliko wote ni Jakaya Kikwete. Aliwahi kuwa mkufunzi wa siasa na kamisaa katika chuo cha maofisa Monduli, mwaka 1992 alikuwa tayari waziri, akastaafu jeshi kwa cheo cha Luteni Kanali, na miaka 13 baadaye akarudi kupigiwa saluti akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Abdulrahman Kinana, Kanali mstaafu, alikuja kuwa Katibu Mkuu wa CCM, na kabla ya hapo kiti hicho kiliwahi kukaliwa na Yusuf Makamba, Luteni mstaafu. Waliobaki na magwanda wakarudisha kadi.

Nakumbuka kotani kwetu kanga na vitenge vya chama viliacha kuanikwa kwenye kamba. Hakuna aliyetangaza, akina mama walielewa tu. Lakini kadi unairudisha ofisini siku moja. Mazoea ya miaka 28 hayana ofisi ya kuyarudishia.

Rais ni mwenyekiti wa CCM na pia ni Amiri Jeshi Mkuu. Sasa jeshi linatii serikali au chama?

Kisheria linamtii Amiri Jeshi Mkuu aliye Ikulu kwa kura za wananchi. Mwenyekiti wa CCM, kwa kofia yake hiyo, hana mamlaka ya kumwamuru hata koplo mmoja.

Taabu ni kwamba kofia hizo mbili zinavaliwa na kichwa kimoja. Haikuwa hivyo siku zote. Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 aliendelea kuwa mwenyekiti wa chama hadi 1990, wakati Ali Hassan Mwinyi ni Rais. Tangu hapo ikawa desturi Rais mpya kukabidhiwa chama ndani ya miezi michache: Mkapa 1996, Kikwete 2006, Magufuli 2016, na Samia Suluhu Hassan Aprili 2021, wiki sita hivi baada ya kuapishwa. Ni desturi ya chama tu. Hakuna ibara ya Katiba ya nchi inayoilazimisha, na kesho CCM ikiamua kuitenganisha hakuna sheria itakayovunjika.

Mfano wa kuonyesha mpaka ulipo: Rais akihutubia gwaride la Uhuru, Mkuu wa Majeshi yuko kwenye itifaki na hapo ndipo anapostahili kuwa. Rais huyo huyo akienda Dodoma kuendesha mkutano mkuu wa chama, Mkuu wa Majeshi hana kiti pale. Walinzi wake watakuwapo, kwa sababu mtu anayelindwa ni Rais hata akiwa amelala. Lakini hawapigi makofi na hawaimbi nyimbo za chama. Ukiona wanaimba, hilo ni la kuhoji.

Kuna mahali mpaka huo unafifia zaidi, na hapazungumzwi vya kutosha: mkoani na wilayani. Mkuu wa Mkoa ni mteule wa Rais, naye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya mkoa, ambamo jeshi, polisi na idara nyingine za usalama huketi pamoja. Mkuu wa Mkoa huyo huyo huingia kwenye kamati ya siasa ya CCM ya mkoa. Asubuhi anapokea taarifa za usalama, mchana yuko kwenye kikao kinachopanga namna ya kushinda kata fulani. Simtuhumu mtu. Ila hata malaika akipewa viti hivyo viwili atapata shida kukumbuka alichosikia wapi.

Wanajeshi kuteuliwa kuwa wakuu wa mikoa si siasa hiyo?

Inategemea amevua gwanda au la. Aliyestaafu ni raia kama wewe. Aliye kazini akipewa mkoa anaingia kwenye mkanganyiko niliotoka kuueleza: anatakiwa asiwe na chama, na cheo chake kipya kinamkalisha kwenye kikao cha chama. Wakati wa Rais Magufuli teuzi za namna hii ziliongezeka. Brigedia Jenerali Marco Gaguti, kwa mfano, alipelekwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera mwaka 2018. Watu wa kule wanaweza kukuambia alifanya kazi vizuri au vibaya, na hilo si hoja yangu. Hoja ni kwamba mwananchi akimwona mwenye nyota mabegani akisimamia utekelezaji wa ilani ya chama, somo la ibara ya 147 linakuwa gumu kumfundisha.

Mstaafu anaruhusiwa kugombea?

Ndiyo, na chama chochote. Akiwa bado kazini hawezi, na sababu ni mbili zilizofungwa pamoja: Katiba inamtaka mgombea ubunge au urais awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na mwanajeshi hawezi kuwa mwanachama. Mgombea binafsi hana nafasi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, akashinda mwaka 2013, lakini mlango haujafunguliwa hadi leo.

Majenerali wengi wastaafu hawagombei. Hupewa bodi za mashirika ya umma. Chukua Wakuu wa Majeshi wastaafu: Waitara alikwenda TANAPA ya hifadhi za taifa, Mwamunyange DAWASA ya maji ya Dar es Salaam, Mabeyo Ngorongoro. Wapo wanaosema ni kuwaenzi, wapo wanaosema ni kuwafunga mdomo kwa upole. Mimi naona ni bora kuliko kuwaona jukwaani na kofia ya chama chochote miezi sita baada ya kukabidhi ofisi, maana askari wao wa jana wangali kazini na bado wanawaita Afande.

Mume wangu ni mwanajeshi. Mimi naweza kugombea udiwani?

Unaweza. Katazo ni lake, halikufuati wewe wala watoto. Lakini jihadharini na mambo madogo ambayo ndiyo huleta kesi. Usifanye kikao cha kampeni ndani ya kota. Usibandike picha zako kwenye ukuta wa nyumba ya jeshi. Gari la kikosi lisibebe hata kiti kimoja cha mkutano wako. Naye asikusindikize kwenye kurudisha fomu akiwa na sare, hata kama mapenzi yenu ni makubwa kiasi gani.

Askari anaweza kuandika mambo ya siasa mtandaoni?

Asithubutu. Zamani askari akilewa akasema mambo ya chama kilabuni, yaliishia kilabuni. Leo video ya nusu dakika yenye gwanda nyuma yake inafika Namanga kabla hajamaliza soda. Hata "kupenda" posti ya mgombea kwa akaunti yenye picha ya sare ni kujitangaza.

Hili lina upande wa pili. Wanasiasa na mashabiki wao wanapenda sana kusambaza picha ya mwanajeshi yeyote anayeonekana kuwaunga mkono, mara nyingi ni picha ya zamani au ya mtu aliyeazima gwanda. Anayesambaza anadhani anamsaidia mgombea wake, kumbe anamtafutia askari mahakama ya kijeshi.

Na hivi vikundi vya ulinzi vya vyama? Nao ni jeshi?

Ibara ya 147(1) inasema hakuna mtu, shirika wala kikundi kinachoruhusiwa kuunda jeshi la aina yoyote isipokuwa Serikali. Pamoja na hivyo, kwa miaka mingi tulikuwa na Green Guard ya CCM, Red Brigade ya Chadema na Blue Guard ya CUF. Wote walisema ni walinzi wa mikutano na viongozi. Wote walikuwa na sare, saluti, makamanda na mazoezi ya alfajiri. Mabadiliko ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yalipiga marufuku vikundi vya namna hiyo. Sheria iliandikwa kwa vyama vyote. Utekelezaji ndio hubishaniwa, na wapinzani hudai rungu linawaangukia wao zaidi.

Kuhusu mavazi: kombati za kaki za Chadema si sare za jeshi, ingawa watu huziita magwanda. Mabaka mabaka ya JWTZ ni kitu kingine. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wote wenye sare au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Ilionekana kama usumbufu kwa wauza mitumba, lakini kwenye uchaguzi faida yake inaonekana: mtu mwenye mabaka akitokea kituoni, mpiga kura ajue ni askari kweli na ana kamanda wa kuulizwa.

Jeshi kununua korosho au kujenga ukuta, hiyo ni siasa?

Ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti Mirerani, uliofunguliwa Aprili 2018, siuoni kuwa siasa ya chama. Ni kazi ya serikali, na jeshi limejenga mengi.

Korosho ya Novemba 2018 naiona tofauti. Wanunuzi binafsi walikuwa wamegoma kupandisha bei, Rais akatangaza serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia Mtwara na Lindi kusimamia na kusomba. Bei ya zao ni ugomvi wa kisiasa kuliko wowote kusini, na wabunge walikuwa wameshaulumbania bungeni. Askari aliyetumwa hakuwa na kosa, alitii amri halali. Ila mkulima aliyecheleweshewa malipo alianza kumtazama askari kama sehemu ya ugomvi, na siku hiyo jeshi lilipoteza kitu ambacho hakipimwi kwa kilo.

Nani anaweza kuliagiza jeshi liingie mitaani wakati wa uchaguzi?

Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 148 inampa mamlaka mapana: ulinzi, kuokoa maisha na mali wakati wa dharura, na jambo jingine analoona ni la lazima. Haimtaki aombe ridhaa ya Bunge kwanza.

Baada ya kura ya 29 Oktoba 2025 tuliona maana yake. Kulikuwa na maandamano na ghasia, Dar es Salaam ikatangaziwa marufuku ya kutoka usiku, na wanajeshi wakaingia mitaani kusaidiana na polisi. Watu waliuawa, na idadi yao ingali inabishaniwa. Sitaandika hapa nani alifyatua nini. Ninachosema ni kwamba Rais aliyetoa amri alikuwa pia mgombea katika uchaguzi ule ule uliokuwa ukilalamikiwa. Hata kama kila askari angefuata kanuni neno kwa neno, mpangilio huo unamweka mahali ambapo nusu ya mtaa haiwezi kumwona kuwa hana upande.

Na Zanzibar?

Zanzibar jeraha ni la zamani zaidi. Januari 2001 waandamanaji wa CUF walipigwa risasi, wengi wao Pemba, na polisi ndio waliofyatua. Tume iliyoongozwa na Brigedia Hashim Mbita, yule yule niliyemtaja juu, ilitaja vifo 31. Tangu hapo mpiga kura wa Pemba hatofautishi sana rangi za sare.

Malalamiko ya siku hizi yanahusu vikosi vya SMZ na kura ya mapema. Mwaka 2020, watumishi wa uchaguzi na askari walipiga kura tarehe 27 Oktoba, siku moja kabla ya wengine. Hoja ya kuwepo kwa siku hiyo inaeleweka: mwenye zamu siku ya uchaguzi atapiga kura lini? Lakini upinzani uliona mlango wa kura zisizohesabika, na palipokosekana imani hata utaratibu mzuri huonekana mtego.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wamefanyaje?

Kenya imeandika vizuri kuliko sisi. Baada ya jaribio la mapinduzi la jeshi la anga tarehe 1 Agosti 1982, na hasa baada ya ghasia za 2007 na 2008, Katiba ya 2010 ilitamka katika ibara ya 239 kwamba vyombo vya usalama visifanye kazi kwa upendeleo wa chama, visiendeleze maslahi ya chama, na pia visihujumu msimamo wa kisiasa ulio halali. Hilo la tatu sisi hatunalo. Ibara ya 241 inataka Bunge la Taifa liridhie jeshi kutumwa kutuliza ghasia. Juni 2024, vijana walipoingia bungeni Nairobi, KDF, jeshi la Kenya, ilitumwa tarehe 25, Bunge likaridhia tarehe 26, na tarehe 27 Mahakama Kuu, kwa ombi la chama cha wanasheria, ikairuhusu iendelee lakini ikaitaka serikali ieleze kwenye gazeti rasmi ni wapi na kwa muda gani. Siku tatu, mihimili mitatu.

Uganda, ibara ya 208 ya Katiba inasema UPDF, jeshi la nchi hiyo, isiwe na chama. Katiba hiyo hiyo inaipa UPDF viti bungeni, kumi kwa jumla, na wanaoketi humo ni wanajeshi. Mwaka 2005 mmoja wao, Henry Tumukunde, alisema kwenye redio maneno yaliyomkera mwajiri, akaishia kukamatwa na kupoteza kiti. Kwa hiyo askari yuko bungeni lakini hana ulimi wake. Na Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais, ndiye Mkuu wa Majeshi tangu Machi 2024 na ndiye mwanzilishi wa Patriotic League of Uganda, kikundi cha kisiasa. Nadhani sihitaji kuongeza neno.

Burundi walikuwa na ugonjwa mwingine: jeshi la kabila moja. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliweka ukomo wa asilimia 50 kwa kabila lolote ndani ya majeshi.

Watu wengine wanasema "jeshi lichukue nchi, liwanyooshe". Kuna ubaya gani?

Swali hili naulizwa na vijana zaidi, na huwa wanatoa mifano ya nchi za Sahel, Afrika Magharibi, ambako majeshi yamepindua serikali. Siwacheki, maana hasira yao ina sababu. Lakini jeshi likichukua nchi halibaki jeshi. Jenerali atatafuta waziri wa fedha, waziri atatafuta wapambe, na kabla mwaka haujaisha kambini kutakuwa na makundi, hili la mkuu na lile la makamu wake. Waganda waliompokea Amin kwa ngoma mwaka 1971 walikuwa wamechoshwa na Obote kama ninyi mlivyochoshwa. Miaka minane baadaye, Aprili 1979, ilibidi JWTZ waingie Kampala kwa mizinga kumtoa.

Nikimwona mwanajeshi mwenye sare kwenye mkutano wa chama, nifanyeje?

Kwanza hakikisha hayupo kazini, maana ulinzi wa kiongozi wa kitaifa ni kazi. Kama anashangilia, amebeba bendera au amepanda jukwaani, usimrekodi ukamrusha mtandaoni. Andika mahali, siku na saa, upeleke taarifa kambi iliyo karibu au kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Na kama ni chama chako kilichomwalika, waulize viongozi wako kwanza, maana katika visa vingi ninavyovijua askari hakujipeleka. Alipigiwa simu na mheshimiwa.